Dawa za moyo kushindwa: jinsi ya kuzilinganisha bila kujiumiza

Jioni moja, karibu na muda wa kufunga, mama mtu mzima aliingia famasi na kikapu kidogo cha ukili. Nikamwamkia, akaitika, halafu bila maneno mengi akakimimina kikapu chote juu ya kaunta. Maboksi matano. Mawili akayavuta upande wake, matatu akayasukuma kwangu.

"Dokta, hela ya mwezi huu inatosha dawa hizi mbili tu. Hizi ndizo ninazoziona zinafanya kazi. Hizo tatu niambie kama zina nguvu, la sivyo naziacha."

Nikasoma yale mawili aliyoyachagua. La kwanza limeandikwa Lasix. La pili limeandikwa furosemide. Ni dawa ileile. Moja alipewa wakati anatoka wodini, nyingine akaandikiwa kliniki, na kwa wiki tatu alikuwa anazinywa zote, "hii ya miguu, hii ya mkojo". Ndiyo maana kila akisimama anaona kizunguzungu. Na zile tatu alizotaka kuziacha, enalapril, carvedilol na spironolactone, ndizo zinazomwongezea maisha mtu mwenye moyo kama wake.

Swali la "ipi ina nguvu" nalisikia karibu kila siku, na ndilo linalopoteza watu. Dawa hizi hazifanyi kazi moja. Kuzipanga foleni na kuuliza ipi kali ni sawa na kuuliza kati ya jembe na ndoo kipi kizuri. Unachoweza kulinganisha ni jembe na jembe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kila dawa inafanya nini, kisha ndani ya kazi hiyohiyo moja ndipo uanze kuuliza ipi inakufaa wewe. Ninayoandika hapa ni ya kukusaidia kuuliza vizuri. Kubadilisha dawa au dozi ni shauri la daktari anayekutibu, ambaye ameona majibu ya vipimo vyako.

(Majina ya dawa nayaacha kama yalivyo kwenye boksi, ili uyatambue ukiyaona.)

Hatua ya 1: Tafuta namba yako

Kabla ya kugusa kidonge, tafuta majibu ya kipimo cha eko, ile picha ya moyo inayopigwa kifuani kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Iwe ulipima Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Bugando, KCMC au hospitali binafsi, kwenye karatasi utaona herufi EF na mbele yake asilimia. Hiyo ni sehemu ya damu ambayo chumba kikubwa cha kushoto cha moyo husukuma nje kwa kila pigo. Hata moyo wenye afya hausukumi yote. Asilimia 55 au 60 ni kawaida.

Ikiwa yako ni 40 au chini, moyo wako umelegea, na dawa karibu zote nitakazozitaja zimethibitishwa kwa watu kama wewe. Ikiwa ni 50 au zaidi na bado unavimba miguu na kubanwa pumzi, moyo wako unasukuma lakini umekakamaa, haujazi vizuri. Hapo orodha ya dawa zenye ushahidi ni fupi zaidi. Wa katikati, 41 hadi 49, mara nyingi hutibiwa kama wale wa chini.

Uliza pia chanzo. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa wagonjwa 427, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 55, na karibu nusu yao moyo ulichoshwa na presha. Wengine ni misuli ya moyo yenyewe, wakiwemo akina mama waliougua karibu na kujifungua. Wengine ni valvu, yaani milango ya ndani ya moyo, zilizoharibika kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Hao wa valvu wasikie hili mapema: vidonge hupunguza maji na kuupa moyo nafuu, ila havirekebishi valvu. Usikae miaka mitano ukilinganisha vidonge wakati unachohitaji ni kuonwa na daktari wa upasuaji.

Hatua ya 2: Mwaga dawa zote mezani, soma jina dogo

Kila boksi lina majina mawili. Lile kubwa la rangi ni jina la kiwanda. Lile dogo, mara nyingi chini yake na likifuatwa na miligramu, ndilo dawa yenyewe. Viwanda kumi vinaweza kutengeneza dawa moja kwa majina kumi. Andika majina madogo tu kwenye karatasi. Ukikuta jina moja limejirudia, usinywe zote mbili hadi umeuliza.

Kisha tazama mkia wa jina. Dawa za moyo zina ukoo, na ukoo unaonekana mwishoni: zinazoishia na -pril ni ndugu, -sartan ni ndugu, -lol ni ndugu, -gliflozin ni ndugu. Spironolactone na eplerenone ni mtu na mdogo wake. Furosemide na torasemide nazo hivyohivyo. Zipange kwa mafungu.

Mtu mwenye EF ya 40 au chini anatarajiwa kuwa na mafungu manne ya dawa za kuongeza maisha, na juu yake dawa ya kutoa maji kadiri anavyovimba. Fungu likikosekana, hilo ni swali la kupeleka kliniki: "Daktari, nimeona sina dawa ya fungu hili. Kuna sababu?" Huenda ipo. Figo, presha ya chini, pumu. Lakini huenda pia ilisahaulika tu.

Hatua ya 3: Linganisha ndani ya fungu

*Fungu la -pril na -sartan.* Moyo ukichoka, figo hupata damu kidogo na kudhani mwili umekauka. Huamrisha homoni zinazobana mishipa na kuzuia chumvi na maji visitoke. Moyo uliochoka unaongezewa mzigo. Dawa za fungu hili zinaukata mnyororo huo. Enalapril ndiyo iliyofungua njia: mwaka 1987, katika nchi za Skandinavia, wagonjwa 253 waliokuwa hoi waligawanywa, wengine wakapewa enalapril na wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miezi sita, waliofariki walikuwa asilimia 44 upande usio na dawa na asilimia 26 upande wa enalapril. Ni kidonge cha bei ndogo, na hadi leo hakijapitwa na wakati.

Captopril, enalapril na lisinopril hufanya kazi moja. Tofauti kubwa ni mara ngapi kwa siku. Captopril mara tatu, enalapril mara mbili, lisinopril mara moja. Kwa mtu anayesahau, hiyo siyo tofauti ndogo. Kasoro yao ni kikohozi kikavu, cha kukwaruza koo, hasa usiku. Wengi hutibiwa kifua mara tatu, na dawa za mafua juu, kabla mtu hajauliza kuhusu -pril. Ikiwa kikohozi ndicho kinachokusumbua, daktari anaweza kukuhamishia -sartan, ambazo kwa kawaida hazikoholeshi. Lakini hakikisha kwanza kikohozi si maji kwenye mapafu: kikiambatana na kubanwa pumzi ukilala chali, hicho siyo cha kidonge.

Hatari ya kweli ni nyingine, haitokei sana, na kwetu watu weusi hutokea zaidi kuliko kwa wazungu: midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Ikitokea, acha dawa hapohapo na nenda hospitali saa ileile. Usirudi tena kwenye -pril yoyote maisha yako yote.

Kwa -sartan, losartan ndiyo inayopatikana kila duka, na ndiyo inayonywewa kwa dozi pungufu kuliko zote. Watu hukaa na 50 mg miaka na miaka. Mwaka 2009 walilinganisha 50 mg na 150 mg kwa wagonjwa wa moyo, na 150 ikashinda. Valsartan na candesartan pia zina ushahidi mzuri, na dozi zake nitazitaja mbele. Usichanganye -pril na -sartan kwa pamoja bila daktari wa moyo kujua; figo na potasiamu, madini ya kwenye damu, ndivyo vinavyolipa.

Halafu kuna sacubitril/valsartan, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Entresto. Mwaka 2014 ilipambanishwa na enalapril yenyewe kwa watu 8,442 wenye moyo uliolegea, na ikapunguza vifo vya moyo na kulazwa kwa asilimia 20 zaidi. Ni bora, hilo halina ubishi. Ubaya wake ni bei, na inashusha presha zaidi, kwa hiyo mwenye presha ya 95 kwa 60 hawezi kuanza nayo hivihivi. Na ina sharti moja lisilo na mjadala: ukitoka kwenye -pril lazima zipite saa 36 kamili kabla ya kidonge cha kwanza. Kuzichanganya kunaweza kuleta ule uvimbe wa ghafla wa midomo na ulimi. Ukitoka kwenye -sartan huhitaji kusubiri, ila ile -sartan unaiacha, maana valsartan imo ndani.

Msimamo wangu, nikiulizwa: enalapril ya dozi kamili inayonywewa kila siku ni bora kuliko Entresto inayonunuliwa mwezi huu na kukosekana mwezi ujao.

*Fungu la -lol.* Hapa ndipo ndugu hawafanani. Kwa moyo uliolegea, zenye ushahidi wa kuongeza maisha ni bisoprolol, carvedilol na metoprolol ile inayoitwa succinate, ambayo hutoka polepole. Nebivolol ina ushahidi kiasi kwa wazee. Atenolol, ambayo ni rahisi na imejaa madukani, haimo. Propranolol haimo. Metoprolol tartrate ilipambanishwa na carvedilol mwaka 2003, carvedilol ikashinda. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "zote ni -lol".

Kati ya hizo tatu, carvedilol hushusha presha zaidi, hunywewa mara mbili na ni vizuri kuinywa na chakula ili isikuangushe kizunguzungu. Inafaa sana kwa aliyefikia hapa kwa sababu ya presha. Bisoprolol ni mara moja kwa siku, na ina nafuu kwa wenye kifua cha kubana, ingawa mwenye pumu kali anahitaji uangalizi kwa -lol yoyote.

Jambo linalowatoa watu kwenye fungu hili ni wiki za mwanzo. Unaanza na dozi ndogo mno, bisoprolol 1.25 mg au carvedilol 3.125 mg, na bado unahisi umechoka kuliko ulivyokuja. Hapo ndipo mtu husema dawa imenikataa. Moyo unazoea, baada ya miezi michache, EF yenyewe inaweza kupanda. Ukizidi kuvimba au pumzi kukata, rudi kwa daktari, lakini usiziache ghafla kwa uamuzi wako. -lol iliyokatwa ghafla inaweza kuufanya moyo ukimbie hovyo.

Wanaume huniita pembeni, wanaangalia mlangoni kwanza. Najua wanachotaka kusema. Ndiyo, nguvu za kiume zinaweza kupungua, kwa dawa au kwa ugonjwa wenyewe, na daktari anaweza kusaidia. Ila usinunue vidonge vya kuongeza nguvu mtaani ikiwa unatumia isosorbide au nitrati yoyote, yaani dawa za kutanua mishipa za ukoo huo. Mchanganyiko huo unaua.

*Fungu la spironolactone.* Wengi huiita dawa ya maji, kwa hiyo wakishakauka miguu wanaiacha. Kwa dozi ya 25 mg haikuandikwa kwa ajili ya mkojo. Mwaka 1999, kwa wagonjwa 1,663 waliokuwa taabani, ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Ni ya bei ndogo vilevile. Kasoro yake kwa wanaume: karibu mmoja kati ya kumi katika utafiti huo alivimba au kuumwa matiti. Usiifiche aibu hiyo kwa kuacha dawa. Eplerenone hufanya kazi hiyohiyo na mara chache husumbua matiti, ila ni ghali na haipatikani kila mahali. Kwa anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir au cobicistat, eplerenone haifai.

Zote mbili hupandisha potasiamu. Huo ndio mtego wake, nitaurudia kwenye vipimo.

*Fungu la -gliflozin.* Dapagliflozin na empagliflozin zilianza kama dawa za kisukari. Ukipewa na huna sukari, usidhani wamekosea. Mwaka 2019, watu 4,744 wenye moyo uliolegea walipewa dapagliflozin au kidonge kitupu, na nafuu ilionekana kwa wenye sukari na wasio nayo sawasawa. Mwaka 2021 na 2022 zikathibitika kupunguza kulazwa hata kwa wale wa moyo uliokakamaa, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na dawa ya kuwasaidia.

Kulinganisha hapa ni kwepesi: hizo mbili zinakaribiana mno, nunua ile unayoimudu. Dozi ni 10 mg mara moja kwa siku, hakuna kupandisha, na presha haishuki sana. Hati miliki ya dapagliflozin ilipoisha India mwaka 2020, viwanda vingi vya huko vilianza kuitengeneza, na ndiyo maana bei yake si ile ya zamani. Safisha na kausha sehemu za siri vizuri, maana sukari inatoka na mkojo na fangasi hupenda. Siku ukitapika, kuharisha au kushindwa kula, isimamishe hadi ule tena. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiiguse bila mtaalamu wake.

*Dawa ya maji.* Furosemide ndiyo inayopendwa kuliko zote, na naelewa. Umekuja hulali, umeketi kitandani na mito mitatu mgongoni, unachomwa sindano, asubuhi unavaa viatu. Nani hatasema hii ndiyo dawa? Lakini inatoa maji tu; yenyewe haikuonyeshwa kurefusha maisha kama yale mafungu manne. Dozi yake inatakiwa ipande na kushuka kufuatana na uvimbe. Mtu akikauka sana, figo zinaumia na presha inaanguka, halafu daktari analazimika kupunguza zile za kuokoa maisha.

Torasemide huingia mwilini kwa uhakika zaidi kupitia tumbo lililovimba, na kwa muda mrefu iliaminika ni bora. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2023 haukuona tofauti ya vifo kati yake na furosemide. Usihangaike kuitafuta kama furosemide inakufaa. Ukihamishwa, kumbuka miligramu hazilingani: furosemide 40 mg hukadiriwa sawa na torasemide 10 hadi 20.

Kidonge cha maji kinywe asubuhi, cha pili, kama kipo, kabla ya saa kumi jioni. Na siku ya safari? Najua wanaokiacha kwa sababu daladala haisimami mtu akojoe. Usikiache. Muulize daktari kama unaweza kukisogeza hadi ufike. Saa chache zinavumilika, ila kuacha siku tatu za msiba kijijini ndiko kunakorudisha watu wodini.

*Nyinginezo, kwa haraka.* Digoxin hupunguza kulazwa, haiongezi wala kupunguza vifo. Nafasi kati ya dozi nzuri na sumu ni ndogo, kwa hiyo kichefuchefu, mapigo ya polepole au kuona rangi ya njano ni sababu ya kwenda kupima. Hydralazine pamoja na isosorbide dinitrate ilipunguza vifo kwa asilimia 43 kwa Wamarekani weusi 1,050 katika utafiti wa 2004, walioinywa juu ya dawa zao nyingine. Hufaa hasa pale figo zinapokataa -pril na -sartan, ingawa ni mara tatu kwa siku na kichwa huuma mwanzoni. Na mwenye valvu iliyobana kutokana na baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio asiharakishe kuacha warfarin kwa ajili ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda: mwaka 2022 warfarin iliishinda rivaroxaban kwa wagonjwa wa aina hiyo, pamoja na usumbufu wake wote wa kupima damu.

Hatua ya 4: Linganisha dozi yako na dozi lengwa

Dawa nzuri kwa dozi ya kuanzia ni nusu ya dawa. Tazama ulipo na unapotakiwa kufika:

- Enalapril: 2.5 mg mara mbili, hadi 10 au 20 mg mara mbili
- Losartan: 25 au 50 mg, hadi 150 mg kwa siku
- Valsartan: 40 mg mara mbili, hadi 160 mg mara mbili
- Candesartan: 4 au 8 mg, hadi 32 mg kwa siku
- Sacubitril/valsartan: 50 au 100 mg mara mbili, hadi 200 mg mara mbili
- Bisoprolol: 1.25 mg, hadi 10 mg kwa siku
- Carvedilol: 3.125 mg mara mbili, hadi 25 mg mara mbili
- Metoprolol succinate: 12.5 au 25 mg, hadi 200 mg kwa siku
- Spironolactone: 25 mg, hadi 50 mg

Si kila mtu atafika juu. Presha ikiwa 90 na unayumba, hapo ulipo ndipo. Lakini kama presha ni 135, mapigo 88, na miezi minane uko kwenye carvedilol 3.125, muulize daktari wako mpango wa kupandisha ni upi. Dozi hupandishwa kila baada ya wiki mbili hivi. Wewe usijipandishie.

Hatua ya 5: Usilinganishe bila damu

Kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na potasiamu zipimwe kabla ya kuanza -pril, -sartan au spironolactone, kisha wiki moja hadi mbili baada ya kuanza na baada ya kila kupandisha. Kreatinini kupanda kidogo ni kawaida. Potasiamu ikivuka 5.5, daktari hupunguza au husimamisha, kwa sababu potasiamu ya juu inaweza kuusimamisha moyo bila dalili yoyote mapema. Ndiyo maana huwa nawauliza wa spironolactone wanakunywa madafu mangapi kwa siku. Dafu moja moja halina neno kwa wengi. Matatu kila siku kwa imani kwamba "yanasafisha figo" ni habari nyingine. Chumvi mbadala za wenye presha nazo mara nyingi zina potasiamu nyingi.

Hatua ya 6: Mizani

Kuliko kununua dawa ya nne ya maji, nunua mizani ya bafuni. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na khanga au bukta ileile. Andika. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, ni maji, hujanenepa. Ripoti kabla miguu haijavimba. Daftari hilo ndilo linalomwonyesha daktari kama badiliko la dawa limesaidia. "Najisikia afadhali" peke yake humdanganya hata daktari.

Hatua ya 7: Angalia kinachoiba kazi ya dawa

Diclofenac na ibuprofen. Kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu kaunta nzima, ningesema hili. Mgongo ukiuma, mtu anachukua diclofenac siku tano. Dawa hiyo inazuia chumvi na maji na kubana figo, na kila -pril na furosemide uliyonywa inavutwa nyuma. Paracetamol ya kawaida ndiyo yako, siyo ile ya kuyeyusha kwenye maji ikatoa povu, kwa sababu povu hilo ni sodiamu nyingi.

Magadi kwenye maharage na kisamvu ni sodiamu vilevile, hata kama hayana ladha ya chumvi. Kwa moyo uliolegea, verapamil, diltiazem na nifedipine hazifai. Amlodipine haidhuru moyo, ila huvimbisha miguu na kukuchanganya. Pioglitazone ya kisukari huleta maji. Ukipimwa malaria, sema unatumia dawa za moyo kabla hujaandikiwa, maana baadhi ya dawa za malaria hugusa mapigo.

Mwanamke anayetarajia kushika mimba azungumze na daktari mapema: -pril, -sartan, sacubitril, spironolactone na -gliflozin hazitakiwi wakati wa ujauzito. Na kwa wanaofunga Ramadhani, nenda kliniki mwezi wa Shaaban, siyo usiku wa kuandama mwezi. Dawa za mara mbili zinaweza kupangwa futari na daku. Furosemide na -gliflozin zinahitaji mpango wa daktari, na wapo ambao wataambiwa wazi wasifunge.

Hatua ya 8: Hesabu kwa mwezi, siyo kwa kidonge

Kidonge cha bei ndogo kinachonywewa mara tatu kinaweza kukugharimu kuliko kile cha bei kubwa cha mara moja. Zidisha bei ya kidonge kimoja kwa idadi ya vidonge vya siku nzima, kisha kwa 30. Losartan 150 mg kwa vidonge vya 50 ni vidonge 90 kwa mwezi. Kwa kidonge cha 100 na cha 50 ni 60. Uliza bei zote mbili. Uliza pia bima yako inalipia jina gani.

Hela ikipungua kweli, sema kliniki kabla hujapunguza mwenyewe. Enalapril, carvedilol, spironolactone na furosemide zote zipo za bei nafuu, na daktari anaweza kukurudisha huko. Yule mama wa kikapu tulimpigia daktari wake palepale. Daktari aliondoa furosemide moja, mama akabaki na dawa nne, na jumla ikaingia kwenye hela aliyokuwa nayo.

Hatua ya 9: Ukiambiwa "haipo, chukua hii"

Hapa ndipo ulinganishaji wote unapojaribiwa, umesimama dirishani na watu nyuma yako. Jina dogo likiwa lilelile na miligramu zilezile, chukua; kiwanda tofauti siyo tatizo, ilimradi imesajiliwa. Jina dogo likiwa tofauti lakini mkia ni mmoja, mfano enalapril kwa lisinopril, inawezekana, ila dozi inahesabiwa upya, kwa hiyo lazima aliyekuandikia aulizwe. Carvedilol kwa atenolol, kataa. Metoprolol succinate kwa tartrate, kataa. Enalapril kwa Entresto, uliza saa 36. Na ukiona anayekuhudumia anakasirika kwa maswali, chukua cheti chako, toka nje, mpigie daktari ukiwa barazani.